Pasaka ni ya nani? Ishtar, Eostre na ubishi wa jina

Shangazi yangu ni muumini wa Kanisa la Moravian, Mbeya. Mwaka mmoja, siku za mwisho za Kwaresima, alinipigia simu usiku na sauti yake ilikuwa imeshuka. Mtu mmoja alikuwa ametuma kwenye kundi la WhatsApp la kwaya picha ya mungu wa kike wa Babeli mwenye mabawa, na chini yake maneno haya: huyu ni Ishtar, jina lake hutamkwa "Ista", sawa na Easter, yaani Pasaka kwa Kiingereza, mayai na sungura ni alama zake za uzazi, na Kaisari Konstantino ndiye aliyeivika sikukuu yake kanzu ya Kikristo. Shangazi aliuliza jambo moja tu: "Mwanangu, ina maana alfajiri zote zile tulizokwenda makaburini tulikuwa tunamwamkia Ashtorethi?"

Amekuwa akienda makaburini alfajiri ya Pasaka tangu utoto wake. Mtu wa namna hiyo akiulizwa swali hili, hastahili jibu la kupuuza wala la kubahatisha. Nilimwomba siku mbili nisome, na ninayoyaandika hapa ni yale niliyomrudia nayo, pamoja na mengine niliyoyapata baadaye.

Jambo la kwanza nililomwambia ni kwamba ujumbe ule ulizaliwa kwa Kiingereza, na hoja yake yote imesimama juu ya neno moja la Kiingereza. Waingereza huiita sikukuu hii Easter, na Wajerumani huiita Ostern. Ukitoka kidogo tu nje ya lugha hizo mbili, jina linabadilika kabisa. Wagiriki wanasema Pascha, Warusi Paskha, Wafaransa Pâques, Wareno Páscoa, Wadenmark Påske. Waholanzi, ambao lugha yao ni ndugu wa damu wa Kijerumani, wanasema Pasen. Wanyarwanda wanasema Pasika, Waethiopia Fasika, na sisi Pasaka. Yote hayo ni neno moja lililosafiri: Pesakh ya Kiebrania, sikukuu ya kukumbuka kutoka Misri, iliyopita katika Kiaramu ikawa paskha, kisha Kigiriki, kisha ikaenea ulimwenguni. Wapoland wana jina lao, Wielkanoc, yaani Usiku Mkuu. Wahungari wanaiita Húsvét, na maana yake ni kuitwaa nyama, kwa kuwa mfungo umekwisha.

Kwa hiyo mtu anayesema sikukuu hii ilianza kwa Ishtar kwa sababu ya jina lake anapaswa kutueleza ni vipi Wagiriki, Wasiria na Wahabeshi waliisherehekea karne nyingi bila kulijua jina hilo. Mwingereza wa kwanza kuisikia Pasaka kutoka kwa wamisionari wa Roma aliisikia baada ya mwaka 597, walipotia nanga Kent. Wakati huo sikukuu ilikuwa na umri wa miaka mia nne na zaidi. Katikati ya karne ya 2, Melito, askofu wa Sardi katika nchi ambayo leo ni Uturuki, alitunga mahubiri ya Pasaka kwa Kigiriki, nayo tunayo hadi leo. Yanazungumza juu ya mwanakondoo, damu milangoni, Misri na msalaba. Hakuna Babeli ndani yake.

Na hao Wakristo wa mwanzo waligombana sana juu ya Pasaka. Wale wa Asia Ndogo waliishika siku ya 14 ya mwezi wa Nisani, sawasawa na Wayahudi, iangukie siku yoyote ya wiki. Wa Roma waliishika Jumapili. Mzee Polikarpo wa Smirna alisafiri hadi Roma kulizungumza jambo hilo na askofu Aniketo. Hawakuafikiana, wakaachana kwa amani. Karibu na mwaka 190 Viktori wa Roma alitaka kuyatenga makanisa ya Asia kwa ajili ya tarehe hiyohiyo, na Irenayo wa Lyon akamsihi aache ukali. Konstantino anaingia katika habari hii mwaka 325, kwenye Mtaguso wa Nikea, na kilichoamuliwa huko ni kwamba makanisa yote yaadhimishe siku moja. Watu hawagombanii tarehe ya sikukuu ambayo bado haijakuwapo.

Sasa tumtazame Ishtar mwenyewe, maana katika ugomvi huu yeye ndiye anayedhulumiwa zaidi. Alikuwa mmoja wa miungu wakubwa kabisa wa nchi ya kati ya mito Hidekeli na Frati. Wasumeri walimwita Inanna na mji wake mkuu ulikuwa Uruk. Waakadi wakamwita Ishtar. Alishika mapenzi na vita kwa mkono mmoja. Nyota yake ni ile tunayoiita Zuhura, na alama zake zimechongwa mara nyingi mno hata hatuna haja ya kubuni: nyota yenye ncha nane, na simba. Nebukadneza wa Pili, yuleyule wa kitabu cha Danieli, alijenga lango la Babeli kwa heshima yake, matofali yake ya rangi ya bluu yakimeremeta. Sehemu yake ilijengwa upya katika jumba la makumbusho huko Berlin. Michoro yake ni ya simba, mafahali na majoka. Utatafuta yai na sungura mpaka uchoke.

Kisa chake kinachojulikana kuliko vyote ni safari ya kuzimu. Inanna alishuka kwenda kwa dada yake, malkia wa wafu, akapita milango saba, na katika kila mlango akavuliwa kitu: taji, shanga, vazi, hata akafika uchi. Akafa, na maiti yake ikatundikwa kwenye ndoano. Siku tatu na usiku tatu zilipopita, mtumishi wake Ninshubur alikwenda kuwalilia miungu, na Enki akatuma chakula cha uzima na maji ya uzima, akafufuka. Hapo ndipo watu hurukia: siku tatu! Lakini endelea kukisoma kisa. Kuzimu hawamwachii bure. Lazima atoe mtu wa kukaa badala yake, naye anamtoa mumewe, Dumuzi, aliyemkuta ameketi kwenye kiti cha enzi bila dalili ya msiba. Huyo Dumuzi ndiye Tamuzi wa Biblia, yule ambaye Ezekieli, sura ya 8, aliwaona wanawake wakimlilia kwenye lango la hekalu. Na kilio hicho kilikuwa cha kiangazi, wakati jua linapoua majani, katika mwezi ulioitwa kwa jina lake, karibu na Juni na Julai. Pasaka ya Machi au Aprili haimo kabisa katika msimu huo.

Babeli walikuwa na sikukuu kubwa ya majira ya machipuko, ndiyo. Iliitwa Akitu, ilifanyika mwanzoni mwa mwezi wa Nisannu, na ilikuwa ya mwaka mpya. Mwenye sikukuu alikuwa Marduk. Mfalme aliingizwa hekaluni, akavuliwa alama za ufalme, akapigwa kofi na kuhani. Machozi yakimtoka, ilikuwa ishara njema. Ishtar hakuwa mwenye siku hiyo.

Hata hivyo hapa pana uzi wa kweli, nami sitaki kuuficha. Nisannu na Nisani ni neno moja. Wayahudi walitoka uhamishoni Babeli wakiwa na majina ya miezi ya Kibabeli, na mpaka leo katika kalenda yao mna mwezi unaoitwa Tamuzi. Mwezi wa Pasaka una jina la Babeli, na hakuna Myahudi aliyewahi kuungama kwamba anamlilia Dumuzi kwa kutaja tarehe. Sisi wenyewe tunasema Januari, na huyo ni Janus wa Warumi; tunasema Machi, na huyo ni Mars, mungu wa vita; tunasema Juni, na wengi wanamtaja hapo Juno.

Je, Ishtar ana undugu na Ashtorethi wa shangazi? Anao. Ishtar wa Babeli, Astarte wa Wafoinike na Ashtorethi, yule mungu mke wa Wasidoni aliyemponza Sulemani katika 1 Wafalme 11, ni majina ya ukoo mmoja katika lugha za Kisemiti. Hata yule "malkia wa mbinguni" aliyeokewa mikate katika Yeremia 7 huenda alikuwa yeye au ndugu yake. Lakini Easter ya Waingereza haimo katika ukoo huo. Ni neno la kale la ukoo wa lugha za Kijermani, ambamo Kiingereza na Kijerumani zimo, la mzizi uleule wa neno lao la mashariki, na miaka elfu iliyopita halikutamkwa kama leo. Kufanana kwa sauti peke yake ni ushahidi dhaifu. Mwitaliano akisema moto anazungumzia mwendo au pikipiki. Mpoland akisema pole anazungumzia shamba. Hatudai kwamba Wapoland walitupa pole zao tulipofiwa.

Nani basi alifunga fundo hili? Alikuwa mchungaji wa Scotland, Alexander Hislop wa Arbroath. Mwaka 1853 alichapisha kijitabu, na mwaka 1858 akakipanua kuwa kitabu, akitaka kuthibitisha kwamba Kanisa Katoliki ni dini ya Babeli iliyobadilishiwa nguo. Humo ndimo aliposema Easter ni Astarte, ndiye Ishtar wa mawe ya Ashuru. Angalia miaka hiyo. Maandishi ya kabari, yale ya kale ya Babeli na Ashuru yaliyochapwa kwenye udongo, ndiyo kwanza yalikuwa yanafunguliwa; ilikuwa mwaka 1857 huko London ambapo wataalamu wanne walipewa maandishi mamoja ya Kiashuru, kila mmoja akafasiri peke yake, tafsiri zikalingana, na ulimwengu ukakubali kwamba sasa yanasomeka. Maktaba kubwa za mabamba ya udongo zenye kueleza Ishtar alikuwa nani zilikuwa bado hazijasomwa. Hislop aliona majina mawili yanayofanana na akajenga nyumba juu yake. Baadaye watu wanaopinga dini zote waliichukua hoja ya mchungaji huyo na kuigeuza rungu la kuupigia Ukristo wote, na mwaka 2013 picha ya Ishtar yenye maneno yale ilienea sana kwenye Facebook. Tangu hapo kila Kwaresima inarudi, safari hii kwa Kiswahili.

Kama si Ishtar, basi je, Easter haina mungu wa kike kabisa? Hapa jibu langu linakuwa refu, kwa sababu ushahidi ni mdogo nao ni mzuri.

Kaskazini mwa Uingereza, katika monasteri ya Jarrow, aliishi mtawa aliyeitwa Beda. Aliingia monasteri akiwa na miaka saba na akaishi maisha ya utawa mpaka alipofariki mwaka 735. Mwaka 725 alimaliza kitabu cha Kilatini juu ya hesabu ya nyakati, na shabaha yake kubwa ilikuwa kufundisha namna ya kuipata tarehe ya Pasaka. Katika sura ya 15 anataja miezi ya wazee wake kabla hawajabatizwa. Aprili, anasema, uliitwa Eosturmonath, na jina hilo lilitoka kwa mungu wao wa kike Eostre, ambaye walimfanyia sherehe katika mwezi huo. Na sasa watu wake wanaiita Pasaka kwa jina hilo la zamani, wakiita furaha ya adhimisho jipya kwa neno la desturi ya kale.

Basi. Sentensi hizo chache ndizo zote. Hakuna maandishi mengine ya zama hizo yanayomtaja Eostre, hakuna sanamu, hakuna hekalu, hakuna kisa chake. Beda hasemi alikuwa na sura gani, alipenda sadaka gani, wala alifuga mnyama gani.

Wako wataalamu waliosema Beda alimbuni tu ili kulieleza jina la mwezi. Mimi nasadiki kwamba hakubuni. Northumbria, nchi ya Beda, ilianza kubatizwa mwaka 627. Babu wa watu aliokua nao waliziona ibada za kale kwa macho yao. Tena mtawa kama yeye angefaidika nini kuizulia sikukuu kuu ya imani yake asili ya kipagani? Mtu huzua jambo la kumpamba, hazui la kumwaibisha. Na katika mwaka 1958, huko Morken-Harff, Ujerumani, yalipatikana mawe zaidi ya 150 ya nadhiri, ya karne ya 2 na ya 3, yaliyochongwa Kilatini kwa ajili ya kundi la mama watakatifu walioitwa Matronae Austriahenae. Jina hilo lina mzizi uleule. Mtafiti Philip Shaw ameyatumia mawe hayo kuonyesha kwamba Eostre anaweza kuwa mungu wa mahali fulani, kama mizimu inayolinda eneo moja na watu wake, na akakitaja kijiji cha Eastry kule Kent. Wengine wanamwona kuwa ni mapambazuko yenyewe, ndugu wa Eos wa Wagiriki, Aurora wa Warumi na Ushas wa Wahindi. Yote mawili yanawezekana.

Hebu pia tuliangalie jambo hili kwa jicho la pwani yetu. Makunduchi, Unguja, kila Julai watu hufanya Mwaka Kogwa: wanapigana kwa magomba, wanachoma kibanda, wanawake wanaimba. Siku hiyo huitwa pia Nairuzi, na neno hilo ni la Kiajemi, Nowruz, "siku mpya", ambayo kule Iran huangukia karibu tarehe 21 Machi, machipuko yanapoanza. Jina lilivuka bahari na wafanyabiashara. Kalenda ya siku 365 isiyo na siku ya nyongeza ikalisogeza mpaka katikati ya mwaka. Na watu wa Makunduchi wakalijaza mambo yao wenyewe. Ukitaka kujua Mwaka Kogwa ni nini, nenda Makunduchi. Kamusi ya Kiajemi itakueleza neno tu.

Sungura na mayai walikuja kwa njia nyingine, na tarehe zake zinajulikana. Mwaka 1835 Jacob Grimm, yule mkusanyaji wa hadithi, alisema kama Waingereza walikuwa na Eostre basi Wajerumani lazima walikuwa na wake, akamtungia jina Ostara kutokana na neno la kale la Pasaka. Ilikuwa dhana ya mwanaisimu, na hakuna maandishi ya kale ya Kijerumani yanayomtaja huyo Ostara. Mwaka 1874 Adolf Holtzmann akaandika kwamba yeye sungura wa Pasaka hamwelewi, ila huenda alikuwa mnyama wa Ostara. Neno lake "huenda" lilipotea njiani. Miaka michache tu baadaye watu walikuwa wanasimulia kisa cha mungu wa kike aliyemgeuza ndege kuwa sungura anayetaga, kana kwamba kimetoka kwa mababu. Sungura mwenyewe, yule anayewafichia watoto mayai bustanini, tunamkuta katika maandishi mwaka 1682, tabibu Georg Franck von Franckenau alipoeleza desturi ya watu wa Alsace na jirani zake. Kati ya Beda na tabibu huyo ni zaidi ya miaka 950.

Mayai yana maelezo mepesi zaidi, na kila mwenye kufuga kuku atayaelewa. Zamani Kwaresima ilikataza nyama, maziwa na mayai. Kuku hajui Kwaresima, anaendelea kutaga. Kufikia Pasaka nyumba ina mayai tele, watu wana njaa nayo, na watoto wanayapaka rangi. Mwaka 1290 mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alitumia peni 18 za wakati huo kununua mayai 450 ya kupambwa na kugawiwa watu wa nyumba yake. Kwa Waethiopia mambo yako hivyohivyo hadi leo: baada ya siku 55 za mfungo, usiku wa Fasika unapovuka, kuku na mayai hurudi mezani kwa doro wat, mchuzi wao wa kuku.

Nilipofika hapo shangazi alinikatiza. Mayai hayakuwa shida yake, na sungura kwake ni mboga. Alitaka kujua juu ya alfajiri. Ujumbe ule ulisema kwamba ibada ya mapambazuko ni ya kumsujudia jua, na aliyetuma alikuwa ameongeza Ezekieli 8 aya ya 16, wanaume wakiligeukia jua mashariki.

Nikamwambia alfajiri yake haikutoka Babeli wala Jarrow. Mwaka 1732, huko Herrnhut katika Saksonia, vijana wa Kimoravian walipanda kilima asubuhi ya Pasaka kabla jua halijachomoza, wakaimba katikati ya makaburi ya ndugu zao. Desturi ikashika, ikavuka bahari pamoja na wamisionari, na mwaka 1891 wakafika nayo Unyakyusa. Walichokuwa wanakifuata kiko katika Injili: Marko anasema wanawake walikwenda kaburini alfajiri mapema, siku ya kwanza ya juma, na Luka anasema walikwenda wamechukua manukato. Walikwenda saa hiyo kwa sababu Sabato ilikuwa imekwisha na maiti ilikuwa inawangoja.

Shangazi alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nitafika Mbeya kabla ya Jumapili, kwa kuwa kaburi la babu limeota nyasi na yeye peke yake hawezi kulifyeka.